UZI: Eyam, kijiji cha Uingereza kilichojifungia chenyewe tauni ilipoingia mwaka 1665

MamaTumaini

Habari zenu wakuu. Juzi kuna mtu aliuliza humu kwamba huku Uingereza ukishatoka London kuna nini cha kuona zaidi ya kondoo na mvua. Nikasema ngoja nipate siku ya mapumziko nitulie niwaletee kijiji kimoja ambacho kimenishika moyo kwelikweli, nimeshaenda mara nne na kila nikienda narudi na kitu kipya.

Kinaitwa Eyam. Msisome kama kilivyoandikwa, wenyewe wanatamka "Iim", siku ya kwanza dereva wa basi hakunielewa mpaka nikamwonyesha jina kwenye simu. Kipo Derbyshire, kwenye vilima vya Peak District, kutoka Sheffield ninakoishi unafika kwa gari chini ya saa moja. Ni kijiji kidogo, barabara moja kubwa, nyumba za mawe ya kijivu zimebanana pande zote mbili, kanisa katikati, ukitembea polepole dakika ishirini umekimaliza.

Ni cha zamani sana. Kimo kwenye Domesday, ile orodha ya ardhi na mali aliyoiandikisha mfalme William mwaka 1086. Watu wake wengi walikuwa wakulima na wachimba madini ya risasi. Na mwaka 1588 walishavuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka kwenye mabirika ya mawe yaliyopangwa barabarani kila mtu achote karibu na kwake, 1588 jamani, baadhi ya mabirika hayo yapo hadi leo, nimeyashika kwa mkono wangu.

Lakini kilichofanya jina lake lisifutike ni tauni.

Mwisho wa Agosti 1665 fundi wa kushona nguo hapo kijijini, Alexander Hadfield, aliletewa boksi la vitambaa kutoka London. London wakati huo tauni ilikuwa inamaliza watu. Msaidizi wake anaitwa George Viccars akafungua boksi, akakuta vitambaa vina unyevu, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Inavyoelezwa viroboto wanaobeba tauni walikuwa wamejificha mle ndani, joto likawaamsha. Tarehe 7 Septemba Viccars akazikwa. Wiki mbili baadaye mtoto wa nyumba ileile, Edward Cooper, akafuata, mwanzoni mwa Oktoba kaka yake Jonathan naye. Mama yao Mary, ambaye ndiye alikuwa mke wa Hadfield, alipona yeye lakini alizika ndugu na jamaa kumi na tatu. KUMI NA TATU wakuu.

Hiyo nyumba ipo mpaka leo jirani kabisa na kanisa, watu wanaishi humo, mbele kuna kibao cha kijani kimeandikwa majina ya waliofia ndani. Nyumba ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Unatembea unasoma majina, huku kuna sufuria za maua mlangoni na baiskeli ya mtoto imeegemezwa ukutani.

Nitaendelea, nakuja na habari za makasisi wawili, hapo ndipo penyewe.

Kiroboto_Mbeya

Shusha nondo mama T, tumeketi.

MamaTumaini

Asanteni. Sasa sikilizeni.

Kipindi cha baridi vifo vilipungua, watu wakadhani imepita. Kumbe ilikuwa inavuta pumzi. Kufika Juni 1666 ikarudi kwa nguvu, na wenye uwezo baadhi yao walikuwa wameshaondoka mapema, waliobaki wakawa na mguu mmoja nje mmoja ndani. Wangetawanyika, wangeibeba mpaka Sheffield, mpaka Bakewell, vijiji vyote vile.

Kasisi wa Eyam alikuwa William Mompesson, kijana, hata miaka thelathini hajatimiza, amefika mwaka 1664 na mkewe Catherine na watoto wawili wadogo. Na ukweli ni kwamba watu hawakuwa naye. Kwa nini? Kwa sababu kasisi wao waliyemzoea alikuwa Thomas Stanley, Mpuritani, yaani Mprotestanti wa msimamo mkali, ambaye aliondolewa kwa kuwa hakukubali masharti mapya ya kanisa la mfalme, mwaka 1662 ilitoka sheria ya kila kasisi kutumia kitabu kimoja cha sala na yeye dhamiri yake ikakataa. Lakini alikuwa bado yupo palepale. Kwa hiyo una kijiji kidogo kina makasisi wawili, mmoja ana cheo hana watu, mwingine ana watu hana cheo. Waliowahi kuishi kwenye usharika uliogawanyika mnajua hiyo kitu inavyouma.

Hao wawili wakakaa chini wakaongea. Wakatoka na kauli moja mbele ya watu wote, na kauli yenyewe ilikuwa hivi: hakuna mazishi ya makaburini tena, kila familia izike watu wake kwenye shamba lake au uwani kwake, kanisa linafungwa na ibada inahamia nje bondeni, na la tatu zito kuliko yote, hakuna anayetoka Eyam na hakuna anayeingia mpaka ugonjwa uishe.

Watu wakimtaja shujaa wa Eyam wanamtaja Mompesson. Mimi kila siku namtetea Stanley. Fikiria umenyang'anywa kazi yako, nyumba yako amekaa mwingine, halafu huyohuyo anakuja kukuomba msaada kwa kuwa watu wanakusikiliza wewe. Ungesema nini? Yeye alisimama naye. Bila Stanley naamini kabisa kijiji kisingekubali. Alifariki 1670 hapohapo Eyam.

Dada_wa_Kongowea

Dadangu, hii imenigusa. Chakula je? Ukishajifungia utakula nini na mashamba yenyewe hayalimiki watu wanakufa?

MamaTumaini

Dada swali zuri sana, na jibu lake unaliona kwa macho mpaka leo.

Earl wa Devonshire, yule mwenye jumba kubwa la Chatsworth si mbali na hapo, alikubali kupeleka vyakula na dawa. Na vijiji vya jirani nao walikuwa wanauza. Sasa walionana vipi? Hawakuonana. Kulikuwa na sehemu za mpakani, mchuuzi anaacha mzigo anaondoka, mtu wa Eyam anakuja baadaye anachukua anaacha hela.

Sehemu moja ni chemchemi iliyo juu ya kijiji, inaitwa Kisima cha Mompesson, hela zilitumbukizwa kwenye maji. Nyingine ni jiwe la mpaka, njia ya kushuka Stoney Middleton. Hili jiwe nataka niwaeleze vizuri. Unatoka kijijini kwa kijia cha katikati ya malisho, unapita mageti madogo ya kondoo, halafu unalikuta tu limelala kwenye majani, jiwe kubwa la kawaida, hakuna uzio, hakuna mlinzi. Juu yake pametobolewa matundu sita. Matundu hayo walijaza siki, hela zikaingizwa mle ndipo mwenzako azichukue, kwa kuwa waliamini siki inaua ugonjwa. Nilitia kidole tundu moja, kingo zake zimelainika kabisa kama kinu cha siku nyingi, na chini kulikuwa na maji ya mvua na sarafu mbili za peni watu wameacha. Nilikaa hapo karibu nusu saa. Kwa sababu ukiwa pale unaona Stoney Middleton hapo chini, moshi wa nyumba zao unauona, yaani wale watu wangeshuka tu. Hapakuwa na askari wala kamba.

Ngosha_Mdadisi

Mama T nakuheshimu sana ila niruhusu niulize. Hizi si zile simulizi za kupambwa? Maana Wazungu kwa kujiandikia ushujaa ni mafundi. Mosi, hao makasisi familia zao walizifungia humo pia? Pili, kujifungia na wagonjwa si ndiyo kumalizana? Tatu, tunajuaje kama kweli hakuna aliyetoroka?

MamaTumaini

Mkuu Ngosha uliza tu, bora tujue kweli.

La kwanza. Mompesson watoto wake George na Elizabeth aliwatoa kabla ya kufunga, siwezi kuficha hilo, na wapo wanaomlaumu mpaka leo, naona lawama ina haki. Mkewe Catherine alitaka waondoke wote, mume alipokataa naye akakataa kuondoka. Akabaki anahudumia wagonjwa. Tarehe 25 Agosti 1666 akafa, ana miaka 27. Kaburi lake, licha ya ile kauli ya mazishi, lipo uwanja wa kanisa, na barua ambayo mumewe aliwaandikia watoto kuwaambia mama hayupo tena maneno yake yamehifadhiwa, mimi nilishindwa kuimaliza mara ya kwanza.

La pili, umesema kweli na wataalamu wamelijadili sana. Kwa waliokuwa ndani inawezekana kabisa kufunga kuliongeza vifo. Mwezi Julai walikufa 56, Agosti 78. Jumla ndani ya miezi kumi na minne ni watu wapatao 260. Zamani ilisemwa kijiji kilikuwa na watu 350 tu, wachunguzi wa sasa wakipitia kumbukumbu wanasema walikuwa wengi zaidi, kama mia saba au zaidi. Hata hivyo ni mmoja kwa kila watatu. Na mwaka 2016 ulitoka utafiti uliotumia hizohizo tarehe za vifo ukaonyesha kuwa karibu robo tatu ya maambukizi yalitoka mtu kwa mtu, siyo panya na viroboto vyao peke yake, walikuwa wanaambukizana nyumba kwa nyumba wakiuguzana. Lakini walichokikusudia kilitimia, tauni haikusambaa vijiji vya jirani.

La tatu, hapana, siyo kwamba wote walitulia. Inasimuliwa mwanamke mmoja alitoka akaenda sokoni Tideswell, akatambuliwa kuwa katoka Eyam, wakampigia kelele na kumrushia vitu mpaka akakimbia kurudi. Na ni kweli masimulizi mengi matamu matamu yaliandikwa baadaye sana, kuna mwenyeji aliyeandika historia ya kijiji mwaka 1842 na mengi yalipitia kwake. Ila majina na tarehe yanatoka kwenye rejista ya kanisa, na barua za Mompesson ni za mwaka uleule.

Msambaa_wa_Mlalo

Shikamoo kwa wakubwa humu. Nasoma uzi huu nimenyamaza kwa sababu mimi ni wa Lushoto. Vijana wengi hawajui kwamba tauni kwetu siyo historia ya Wazungu. Ilianza wilayani 1980, ikawa inarudi karibu kila mwaka mpaka miaka ya 2000 mwanzoni, wagonjwa walizidi 7,000 na waliokufa walizidi 600. Nakumbuka mitoki. Mtoto anaanza homa, kesho yake mtoki umevimba kinenani au kwapani, mama zetu wakiuona wanajua. Walikuja watu wa afya wakapuliza dawa ya viroboto ndani ya nyumba, tukaambiwa tusilale chini, panya akionekana kafa asishikwe. Sisi tulikuwa na dawa za kuua vijidudu, ukiwahi hospitali unapona. Hao wa Eyam hawakuwa na kitu. Mama, endelea tafadhali.

MamaTumaini

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Nashukuru umesema, maana hilo neno mitoki ndilo nililokuwa nalitafuta nikisoma vibao vyao. Ni hiyohiyo.

Basi niwapeleke Riley, maana naona ndipo wewe utakapoelewa kuliko sisi wote.

Ukitoka kijijini kuelekea mashariki kwa miguu unapanda kilima kama robo saa, katikati ya uwanja wa majani unaona ukuta wa mawe wa mviringo, mdogo, kama zizi. Ndani yake kuna mawe ya kaburi ya familia ya Hancock. Elizabeth Hancock alizika mumewe na watoto wake sita ndani ya siku nane, Agosti 1666. Peke yake. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Alichimba mwenyewe, na inasimuliwa aliwafunga kitambaa miguuni akawa anawaburuta mmoja mmoja kutoka nyumbani mpaka shambani, huku watu wa Stoney Middleton wanamwona toka kilima cha pili na hawana la kufanya.

Yeye hakuugua. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja amebaki, yupo Sheffield anajifunza kazi, mwishoni akaenda kuishi naye. Nami nikiwa kwenye basi narudi Sheffield huwa namuwaza, kwamba njia ni ileile.

Na Marshall Howe lazima nimtaje. Huyu aliugua mapema akapona, akaamini haitampata tena, akajitolea kuzika ambao hawana wa kuwazika, malipo yake anachukua vitu vya marehemu. Inasimuliwa siku moja alimburuta mtu anayeitwa Unwin kwenda kumzika, njiani "maiti" ikaomba maziwa ya moto, na mtu akapona. Ila mwisho wa Agosti Howe alimzika mkewe Joan, na siku chache mbele mtoto wake William. Watu walisema ni yeye aliwaletea nyumbani, kwenye zile nguo.

Dada_wa_Kongowea

Ya Rabi. Na huko bondeni walikosalia umefika?

MamaTumaini

Nimefika dada. Panaitwa Cucklett Delf, bonde dogo lenye majani na mwamba wenye uwazi kama mlango wa upinde, Mompesson alisimama hapo akihubiri, familia zimekaa mbalimbali kila moja na kundi lake. Kuna kisa cha Emmott Sydall, binti wa Eyam, na mchumba wake Rowland Torre wa Stoney Middleton. Walikuwa wanakuja bondeni kila mmoja anasimama upande wake, wanatazamana bila kusema. Mwisho wa Aprili Emmott hakuja. Rowland aliendelea kuja, hakujua amekufa mpaka kijiji kilipofunguliwa. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia.

Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti wanafanya ibada hapo Delf, wanaita Jumapili ya Tauni, na Catherine anawekewa shada la waridi kaburini. Siku hizohizo wanapamba visima, hii nilipenda mno. Wanachukua mbao kubwa, wanazipaka udongo wa mfinyanzi ukiwa mbichi, halafu wanachora picha kwa kubandika petali za maua moja moja kwa vidole, pamoja na majani, mbegu na magamba ya mti. Nilimkuta bibi mmoja anapanga petali za bluu kutengeneza anga, akanipa nafasi nipange mstari mmoja. Ukikandamiza sana petali inabadilika rangi, ukilegeza inadondoka. Baada ya wiki udongo unakauka, unapasuka, basi, wanabomoa.

Kiroboto_Mbeya

Na hilo kanisa lenyewe lina nini, au ni majengo tu?

MamaTumaini

Kanisa ni la Mtakatifu Lawrence. Nje kuna msalaba wa jiwe wa karne ya 8 au karibu na hapo, wa zamani kuliko kanisa lenyewe, umechongwa malaika na mizabibu inayojizungusha, kipande cha nguzo yake kimepotea kwa hiyo unaonekana mfupi. Ukutani kuna saa ya jua ya 1775. Ndani kuna dirisha la vioo vya rangi la 1985 linaloeleza habari yote ya tauni, na orodha ya waliokufa. Mbele ya barabara kuna Eyam Hall, jumba lililojengwa miaka michache tu baada ya tauni, na ng'ambo yake mkatale wa kufungia miguu ya wakosaji. Jumba na mkatale mimi huwa napita tu. Jumba la makumbusho lipo juu kidogo, limefunguliwa 1994, ukienda anza nalo ndipo ushuke mitaani.

Ngosha_Mdadisi

Nimekuelewa mama, naondoa neno langu la kupamba. Ila niambie kwa nini wewe. Umeenda mara nne.

MamaTumaini

Mkuu nitakujibu.

Mimi nafanya kazi nyumba ya kulea wazee. Aprili 2020 korona ilipoanza kupita kwenye nyumba kama zetu tuliulizwa nani anaweza kuhamia ndani asitoke, ili tusiwaletee wazee ugonjwa kutoka nje. Tulikubali sita. Tulilala kwenye magodoro chini wiki tatu, wanangu nawaona kwenye simu. Na nilipotoka, kuna mama tuliyekuwa tunasali naye, tena wa nyumbani, aliniona dukani akavuka akapita upande mwingine. Simlaumu, hata mimi labda ningevuka. Lakini nilirudi nyumbani nikakaa kwenye gari muda mrefu.

Mwaka uliofuata ndipo nilikwenda Eyam mara ya kwanza, rafiki yangu wa kazini ndiye alinipeleka.

Msambaa_wa_Mlalo

Pole na hongera mama. Mompesson aliishia wapi?

MamaTumaini

Asante mwanangu. Wa mwisho kufa anatajwa kuwa Abraham Morten, tarehe 1 Novemba 1666, baada yake ikakoma. Mompesson akachoma samani na nguo zake ili ugonjwa usibaki, akakaa Eyam mpaka 1669 akahamishiwa Eakring, kijiji cha Nottinghamshire. Alipofika watu wakamwogopa, miaka mitatu imepita lakini anatoka Eyam. Hawakutaka akae kijijini. Akawekewa kibanda kwenye msitu wa Rufford, akawa anaishi huko, akihubiri nje chini ya mti mmoja, aina ambayo Waingereza wanaiita ash, wanaotaka kumsikiliza wanamfuata. Polepole wakamzoea, wakamruhusu aingie, akawatumikia mpaka alipokufa 1709.

Ule mti ulishaanguka siku nyingi. Pale ulipokuwa wameweka msalaba wa jiwe. Bado sijafika, nimeomba likizo ya Mei.